Shokapu za Nyuma za Pikipiki ya Zamani: Pima Kwanza, Dukani Baadaye

Swali hili linanijia kila mara, tena kwa maneno yaleyale: "Nina Honda ya mzee, nyuma inadundadunda, ninunue shokapu gani?" Wengine wana Yamaha au Suzuki iliyokuwa ya bwana shamba, ya parokia au ya idara fulani ya serikali, ikauzwa kwa mnada, na sasa imepata mtu wa kuipenda. Jina la pikipiki hubadilika, swali halibadiliki.

Jibu langu huwaudhi wengi kwa sababu halina jina la kampuni ndani yake. Lina namba: urefu, tundu, nafasi, uzito. Ukizishika namba hizo, hata muuza spea asiyeijua pikipiki yako anaweza kukupa kitu kinachofaa. Usipokuwa nazo, utauziwa kilichopo rafuni.

Nazungumzia pikipiki zenye shokapu mbili nyuma, moja kila upande, kama Honda CG125 ya mwaka 1976 na ndugu zake wa enzi hiyo. Zenye shokapu moja katikati zina hesabu nyingine kabisa, tuziache.

## Una hakika ni shokapu?

Mashine ya miaka arobaini hailegei mahali pamoja. Kabla hujatoa hela, kagua kwa mpangilio huu, maana cha kwanza ni cha bure na cha mwisho ndicho ghali:

1. Upepo wa matairi. Tairi lililojazwa kupita kiasi hudunda hata juu ya shokapu mpya. Lisilo na upepo wa kutosha huyumba kwenye kona. Jaza ulivyoelekezwa na mtengenezaji, kisha endesha tena.
2. Swingamu, yaani mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Weka pikipiki kwenye stendi ya kati, shika ncha ya swingamu karibu na ekseli, isukume kushoto na kulia. Ikicheza, bushi zake zimekwisha. Shokapu za bei yoyote hazitaponya hilo.
3. Beringi za gurudumu. Shika tairi juu na chini, litikise. Kusiwe na mchezo wala mlio.
4. Raba za shokapu. Mara nyingi ule mlio wa "ko, ko" kwenye mashimo ni raba zilizokauka kwenye matundu ya shokapu, wala si shokapu yenyewe. Raba ni bei ya chai na vitumbua.
5. Shokapu zenyewe. Shusha pikipiki chini, bonyeza kiti kwa nguvu, achia. Nyuma inapaswa kupanda mara moja na kutulia. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, mafuta ndani hayafanyi kazi. Imebaki springi peke yake.

Kisha piga tochi kwenye rodi, ile fimbo inayong'aa inayoingia na kutoka kwenye bomba la shokapu. Ukiona vidoa vya kutu, hata vidogo kama ncha ya sindano, pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, habari imekwisha: kila rodi inapopanda na kushuka, vidoa hivyo vinakwangua sili, na mafuta yanatoka. Walioko Tanga, Mombasa na Unguja hukutana na hili mapema kuliko wenzao wa Iringa au Nakuru, kwa sababu ya hewa ya chumvi.

Utaniambia fundi wako keshasema "tubadilishe tu." Huenda yuko sahihi. Lakini mwombe akuonyeshe mchezo wa swingamu kwanza, mbele ya macho yako. Fundi mzuri hatakasirika.

## Vipimo vitano, viandike kwenye karatasi

Usivitie kichwani. Chukua futikamba, kaliperi kama unaweza kuazima, na karatasi.

Urefu. Pima kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, shokapu ikiwa imefunguliwa na kunyooka kabisa. Usipime ncha kwa ncha, na usipime ikiwa bado imefungwa kwenye pikipiki iliyosimama kwa magurudumu, kwa sababu hapo imezama. Hili la kupima ncha kwa ncha ndilo kosa linalorudisha watu wengi dukani, kwani huongeza sentimeta mbili au tatu ambazo hazipo.

Aina ya mshiko. Shokapu nyingi zina tundu juu na tundu chini. Nyingine zina tundu juu, na chini zina uma wenye vidole viwili vinavyopakata mshiko wa swingamu. Shokapu ya tundu haiwezi kuingia mahali pa uma bila kuchonga au kuchomelea, na kuchomelea mshiko wa shokapu sikushauri kamwe.

Kipenyo cha bolti au pini. Cha juu na cha chini, kila kimoja peke yake. Mara nyingi utakuta mm 10, 12 au 14, na si ajabu cha juu kutofautiana na cha chini. Bushi yenye tundu la mm 12 kwenye pini ya mm 10 "inaingia," ndiyo, na muuzaji atakuambia uweke washa. Washa haizibi upana wa tundu. Tafuta bushi ya chuma iliyochongwa, yaani sliivu, ijaze ile nafasi ya mm 2. Fundi wa kuchonga vyuma ataitengeneza muda wa kunywa soda.

Upana wa bushi. Ni kiasi gani cha pini kinachukuliwa na bushi, na nati inabaki na nyuzi ngapi za kushika. Bushi ikiwa pana mno, nati haishiki vizuri. Ikiwa nyembamba, shokapu inatembea upande kwa upande na kula pini.

Nafasi pembeni. Springi ya zamani ilikuwa na kipenyo gani kwa nje? Kati yake na kifuniko cha cheni pana nafasi gani? Na ekzosi, fimbo ya breki, keria? Springi mpya iliyo nene zaidi kwa mm 8 inaweza kusugua kifuniko cha cheni kila ukipita tuta.

## Fito ya mbao badala ya pesa

Kama shokapu za asili zilishapotea, au zile ulizonazo hujui kama ndizo za kiwandani, usikisie urefu. Chukua vipande viwili vya mbao ngumu na utoboe kila kimoja matundu mawili kwa umbali unaoudhania, tuseme mm 320. Vifunge mahali pa shokapu pikipiki ikiwa imesimama karakana, kisha simama pembeni na uangalie:

- Je, stendi ya kati bado inainua gurudumu la nyuma?
- Je, kwenye stendi ya pembeni pikipiki inalala vizuri, au imesimama wima kiasi kwamba upepo utaiangusha?
- Cheni inapita wapi? Inagusa swingamu juu au chini?

Toboa tundu jingine, jaribu tena. Mbao mbili zitakupa jibu ambalo vinginevyo ungelipata baada ya kununua shokapu jozi mbili. Jambo moja tu: hizi ni za kupimia. Usiwashe pikipiki na kuondoka nazo hata hadi kwa jirani.

Ukimaliza kuangalia hayo, jaribu pia upande wa pili wa hesabu. Ukishajua mwendo wa rodi ya shokapu unayotaka kununua, toa mbao, inua gurudumu kwa jeki mpaka pale litakapofika shokapu ikizama hadi mwisho, uone kama tairi litagusa madigadi. Wengi hupima urefu ikiwa imenyooka na kusahau urefu ikiwa imezama. Shokapu ndefu yenye mwendo mrefu inaweza kutosha ikiwa imesimama na kuligonga tairi kwenye madigadi ukibeba abiria.

## "Nikiweka ndefu kidogo si itapendeza?"

Itapendeza. Pia itabadilisha pikipiki.

Ukiinua nyuma, mbele inainama, na pembe ya shingo ya usukani inasimama zaidi. Chukua pikipiki yenye mm 1,250 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma: ukiinua nyuma mm 25, pembe inabadilika kwa zaidi kidogo ya nyuzi 1. Inaonekana ndogo. Lakini waliounda mashine ile waliipanga kwa nyuzi chache tu za tofauti kati ya usukani unaotulia na usukani unaotapatapa. Utauhisi mwepesi mjini, na kwenye barabara ya lami ya mwendo mkali usukani utaanza kutetemeka mikononi.

Kumbuka pia kwamba shokapu nyingi zimelala kidogo na hushika mbele ya ekseli. Kwa hiyo mm 10 za shokapu huinua nyuma kwa zaidi ya mm 10.

Kanuni yangu ni hii: baki kwenye urefu wa asili. Ukizidisha, isizidi mm 10, na ukague cheni, stendi na nafasi ya madigadi upya. Kupunguza urefu, kama wafanyavyo wanaotaka pikipiki ilale chini, ni kubaya zaidi: unapoteza mwendo, tairi linagusa madigadi, na stendi ya pembeni inaisukuma pikipiki kwa upande wa pili.

## Springi: hapa ndipo watu hupotea

Springi hubeba uzito. Mafuta hutuliza springi. Hizi ni kazi mbili, na mtu akikuambia shokapu ni "ngumu" muulize ngumu ipi.

Anza na uzito wako mwenyewe ukiwa umevaa unavyovaa barabarani. Kisha jibu kwa ukweli: unapanda peke yako, au na abiria? Mke na gunia la mkaa? Mshikaki wa watoto kwenda shule? Karibu uzito wote wa abiria na wa keria huangukia gurudumu la nyuma. Shokapu za mtu mmoja wa kilo 65 anayezunguka Jumapili si za mtu wa kilo 90 mwenye abiria.

Ugumu wa springi huandikwa kwa kilo kwa milimeta, kwa Nyutoni kwa milimeta, au kwa paundi kwa inchi. Kilo 1 kwa milimeta ni kama Nyutoni 9.8, au paundi 56 kwa inchi. Andika hii nyuma ya karatasi yako ya vipimo. Maduka ya nje hutumia kipimo chochote wanachopenda.

Springi isiyoandikwa kitu, linganisha kwa jicho na kaliperi:

- Unene wa waya ndio unaotawala. Ukitoka waya wa mm 7 kwenda mm 8, huku mengine yote yakibaki vilevile, springi inakuwa ngumu karibu mara 1.7. Milimeta moja tu. Ndiyo maana springi mbili zinazofanana kwa mbali huendesha tofauti kabisa.
- Kipenyo cha duara kikiwa kikubwa, springi inakuwa laini.
- Idadi ya mizunguko ikipungua, springi inakuwa ngumu. Anayekata mzunguko mmoja au miwili ili kushusha pikipiki ameikaza springi na kuipunguzia mwendo kwa wakati mmoja. Ukiwa na mizunguko 10 inayofanya kazi ukabaki na 8, ugumu umepanda kwa robo.

Na ile pete yenye ngazi chini ya springi, ambayo huzungushwa kwa spana ya kulabu? Wengi huamini kwamba ukiipandisha, springi inakuwa ngumu. Haiwi. Inasukumwa kidogo tangu mwanzo, basi nyuma inakaa juu zaidi. Ugumu wake unabaki uleule. Pete hiyo ni ya kusawazisha urefu ukiongeza abiria. Ikiwa umeipandisha ngazi ya mwisho na bado nyuma inagonga chini, springi yako ni laini kwa uzito wako, na hakuna ngazi nyingine ya kukuokoa.

## Mafuta, gesi na vichupa vya mapambo

Shokapu nyingi za zamani, na nyingi za bei nafuu hadi leo, zina mafuta na hewa katika chumba kimoja. Zikiruka kwa muda mrefu kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, mafuta huchanganyika na hewa yakawa povu, na povu halitulizi springi. Utaona kilometa chache za kwanza ni nzuri, kisha nyuma inaanza kurukaruka. Kwa mjini hazina ubaya.

Shokapu za gesi zina naitrojeni yenye msukumo, ambayo huzuia povu hilo. Ni bora kwa barabara zetu mbovu, ila ni ghali. Usiitoboe, usiipashe moto, usiichomelee. Msukumo ulio ndani unaweza kuirusha rodi nje kwa nguvu ya kumwua mtu.

Halafu kuna vichupa. Utaona shokapu ya rangi ya dhahabu yenye kichupa pembeni, mithili ya zile za mashindano. Kwenye shokapu ya kweli, kichupa hicho huhifadhi mafuta na gesi, na kinaunganishwa na bomba la shokapu kwa njia ya mafuta. Kwenye nyingi za bei ya kutupa, kichupa ni pambo: hakina kitu, hakiunganiki na chochote. Kama bei ya jozi nzima inakaribia bei ya tairi moja, kichukulie kama pambo hadi muuzaji athibitishe vinginevyo.

Upande wa pili wa kosa ni shokapu inayotuliza kupita kiasi. Ikirudi polepole mno, kila kishimo kinaikuta bado haijapanda kutoka kishimo kilichopita. Inazama hatua kwa hatua mpaka inabaki imekaa chini. Dereva husema "springi imelegea," akaikaza, na hali haitengemai. Kumbe tatizo ni mafuta mazito.

## Dukani

Kariakoo, Kirinyaga Road kule Nairobi, au kwa muuzaji wa mtandaoni: mambo ni yaleyale. Nenda na karatasi yako na shokapu moja ya zamani mkononi.

Kwanza, usikubali neno "inaingia." Pikipiki nyingi za kichina zimetokana na muundo wa Honda CG125, hivyo shokapu zake zimejaa kila mahali na zinaingia kwenye pikipiki nyingi ambazo hazikutengenezewa. Kuingia kwenye pini ni jambo moja kati ya matano uliyoandika. Shokapu ya bodaboda imepangwa kubeba abiria na mzigo kutwa nzima. Ukiiweka kwenye Honda nyepesi ya mtu mmoja, itakupiga mgongo kama unakaa juu ya ubao.

Pili, jaribu mkononi. Simamisha shokapu wima, ibonyeze na uiachie mara kadhaa. Huwezi kupima ugumu kwa mikono, lakini utasikia mambo matatu: kama inakwama njiani, kama kuna mahali tupu ambapo haizuii kitu, na kama mbili za jozi moja zinarudi kwa mwendo mmoja. Zikitofautiana waziwazi, achana nazo. Shokapu iliyolala rafuni muda mrefu inaweza kuwa na hewa juu ya pistoni, basi ibonyeze mara kumi hivi ikiwa wima kabla ya kuhukumu.

Tatu, nunua jozi. Hata kama ya kushoto ndiyo pekee inayovuja. Shokapu mpya upande mmoja na chakavu upande wa pili huikunja swingamu kila ukipita shimo.

Nne, mtumba. Shokapu ya mtumba kutoka Japani inaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei rahisi, mradi rodi ni safi, haivuji, na haijapinda. Egemeza rula ya chuma iliyonyooka kwenye rodi, pande zote. Ukiona mwanga unapitapita kati yake, rodi imepinda.

Ukiwa na fedha na subira ya kuagiza, ziko kampuni zinazotengeneza shokapu za pikipiki za zamani hasa: Hagon ya Uingereza, YSS ya Thailand, na IKON ya Australia, iliyorithi muundo wa Koni ya Uholanzi. Faida yake kubwa ni kwamba unaweza kuagiza springi kulingana na uzito wako. Na kama muuzaji anakuuliza kilo zako kabla ya kukutajia bei, huyo anajua anachouza.

## "Si afadhali nikarabati zile za asili?"

Wakati mwingine, ndiyo. Inategemea zimefungwaje.

Baadhi ya shokapu za zamani, zikiwemo Koni, zilitengenezwa zifunguke: unatoa springi, unafungua kifuniko cha juu, unabadilisha sili na mafuta. Kama rodi ni safi, hiyo ni kazi nzuri na pikipiki inabaki na sura yake. Shokapu nyingi za kijapani za enzi hiyo zilibanwa kiwandani zisifunguke. Hapo ndipo linapokuja wazo la kutoboa bomba, kumimina mafuta ya injini na kuchomelea tundu.

Usikubali, kwa sababu tatu. Joto la kuchomelea huiunguza sili iliyo sentimeta chache tu pembeni. Mafuta ya injini hayakutengenezwa kwa kazi hiyo, na kiasi chake hakipimwi, hivyo shokapu mbili haziwi sawa. Na bomba likiwa na gesi au mafuta ndani, aliyeshika moto ndiye wa kwanza kuumia.

Kama sura ndiyo unayoililia, tunza springi na vifuniko vya zamani uone kama vinaweza kuvikwa kwenye shokapu mpya yenye vipimo vilevile. Mara nyingine inawezekana, lakini usivue springi bila kifaa cha kuibana. Springi iliyobanwa ikiponyoka mkononi haichagui pa kupiga.

## Kufunga

1. Weka pikipiki kwenye stendi ya kati, mahali pa tambarare. Weka gogo au tofali chini ya gurudumu la nyuma libebe uzito wake.
2. Loweka nati kwa mafuta ya kulegeza kutu usiku mzima. Pini ya fremu ikikatika ni kazi ya fundi wa kuchonga, na ni kazi ndefu.
3. Toa shokapu moja, funga mpya, ndipo utoe ya pili. Ukitoa zote mbili swingamu huanguka, na kuipandisha tena utahitaji mtu wa pili.
4. Safisha pini kwa brashi ya waya, paka grisi kidogo. Rudisha washa kwa mpangilio zilivyotoka; piga picha kabla ya kufungua chochote.
5. Zile zenye mafuta na hewa pamoja, zifunge kwa upande uliokusudiwa. Nyingi hukaa bomba chini na rodi juu. Ukizigeuza, hazitulizi.
6. Kaza nati kwa mkono tu. Shusha pikipiki isimame kwa magurudumu, mtu akae juu, ndipo ukaze kabisa kwa kipimo cha kitabu chako. Raba ikikazwa huku gurudumu linaning'inia, inabaki imejinyonga muda wote na kupasuka mapema.
7. Kagua cheni upya. Urefu wa nyuma ukibadilika, ulegevu wa cheni nao hubadilika.

## Kupima mzamo

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayokuambia kama ulinunua sahihi. Unahitaji mtu mmoja wa kusaidia.

Weka alama kwenye fremu moja kwa moja juu ya ekseli ya nyuma. Kutoka ekseli hadi alama hiyo, pima mara tatu: gurudumu likining'inia, pikipiki ikisimama kwa magurudumu bila mtu, na wewe ukiwa umekaa, miguu juu ya vikanyagio, mwenzako akiishika isianguke.

Toa kipimo cha tatu kwenye cha kwanza. Tofauti hiyo iwe kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa gurudumu. Kwa gurudumu lenye mwendo wa mm 90, tafuta mm 22 hadi 30. Toa cha pili kwenye cha kwanza: pikipiki peke yake inapaswa kuzama kidogo, kati ya mm 5 na 15 kwa pikipiki ya barabarani.

- Unazama sana, na pikipiki peke yake nayo inazama sana: pandisha pete ya ngazi.
- Umepandisha pete hadi mzamo wako uko sawa, lakini pikipiki peke yake haizami kabisa: springi ni laini kwako. Badilisha springi.
- Huzami vya kutosha, na pete iko ngazi ya chini kabisa: springi ni ngumu kwako. Ndicho kisa cha kawaida cha shokapu ya bodaboda kwenye pikipiki nyepesi.

Endesha kilometa kama 50, kisha kagua nati zote na utazame springi kama kuna mahali rangi imekwanguliwa. Rangi iliyokwanguliwa ni ushahidi kwamba kuna kitu inagusa, hata kama hukusikia.

## Mengine mnayouliza

"Shokapu ndefu zinasaidia kwenye mashimo?" Kinachosaidia ni mwendo wa rodi pamoja na mafuta yanayotuliza vizuri. Shokapu ndefu yenye rodi fupi inakupa kimo tu.

"Nibadilishe na za mbele?" Kagua mafuta ya foku, yaani shokapu za mbele. Kama hayajabadilishwa tangu mzee aipaki, yabadilishe siku hiyohiyo. Nyuma iliyotulia hufichua mbele iliyochoka.

"Pikipiki ni ya kuegesha tu, inatoka siku za sherehe." Basi shokapu za bei ya kati zenye vipimo sahihi zinatosha, na fedha iliyobaki peleka kwenye matairi. Tairi lililokauka ni hatari zaidi kuliko shokapu dhaifu.

"Ninunue za ghali kuliko pikipiki yenyewe?" Hapana, isipokuwa unasafiri nayo mkoa hadi mkoa. Kwa matumizi mengi, jozi ya kawaida yenye urefu wa asili na springi inayolingana na kilo zako itaishinda jozi ya kifahari iliyonunuliwa kwa rangi yake.

Zile za zamani usimpe muuza vyuma chakavu. Zifunge kwenye gazeti pamoja na ile karatasi ya vipimo, uziweke darini: raba, nati na vifuniko vyake havipatikani tena kirahisi, na yeyote atakayeimiliki pikipiki hiyo baada yako atazihitaji.